Nimehamia KDE kwa sababu ya skrol ya tachipadi tu, na sijuti

Wakuu habari za mchana. Kabla mtu hajaniuliza "we mzee huna kazi ya kufanya?" ngoja niseme kazi ninayo na ndiyo iliyonifikisha hapa. Nina stesheneri ndogo Dar, jirani na chuo, tunachapa, tunaprinti, tunaskani, tunabaindi ripoti, msimu wa mikopo ukifika tunawajazia madogo fomu za HESLB mpaka usiku, na yote hayo yanapita kwenye laptopu moja ya mtumba, zile zilizostaafu maofisini Ulaya zikaja kuanza maisha mapya Kariakoo. Inatumia Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Siyo kwamba mimi ni mtaalamu, hapana, ni flashi za wanachuo jamani, kila flashi inakuja na mgonjwa wake, mwanzo nilikuwa napiga Windows upya kila baada ya muda mpaka dogo ninayefanya naye kazi akasema bosi tuweke Ubuntu, ndiyo hiyo aina moja ya Linux, tukaweka, virusi vikatulia, tukapumua.

Isipokuwa skrol. Skrol ndiyo ilikuwa inanitoa roho.

Sasa hii ni rivyu ya setingi za skrol ya tachipadi, kitu ambacho najua watu wengi hawajawahi hata kukifungua, lakini mimi nashinda nacho saa kumi na mbili kwa siku kwa hiyo nina haki ya kukisema. Nitaongelea zaidi GNOME, ile sura inayokuja na Ubuntu (niliyokuwa nayo ni Ubuntu 24.04, yenye GNOME 46), halafu KDE Plasma 6, sura nyingine ya Linux, ambako ndiko nilikohamia, na Windows na Mac nitagusa kidogo kwa sababu zote zimepita mikononi mwangu.

Wacha nielezee siku ambayo uvumilivu uliisha. Kaja dada mmoja wa masters, ripoti yake ina kurasa mia na ishirini na kitu, anasema "kaka hebu nenda ukurasa wa 47, supavaiza kasema jedwali limekatika." Nikaweka vidole viwili kwenye tachipadi, nikasogeza kama nusu ya kucha hivi. Tupo ukurasa wa 61. Nikarudisha taratiiibu, tupo 38. Nikashusha tena kwa kushika pumzi kama mtu anatoa mwiba, 55. Dada ananiangalia, nyuma yake foleni ya watu wanne, mmoja ana mtihani saa nane anataka kuprinti notsi, na dada akasema kwa upole kabisa, "kaka, kwani hiyo kompyuta inakimbizwa na nani?" Watu wakacheka, mimi nikaishia kubonyeza Page Down mmoja mmoja kama napiga marimba mpaka tukafika. Jioni hiyo nikasema hapana, leo hili tunalimaliza.

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu atakwambia ukilalamika kuhusu skrol ni mwelekeo. "Umewasha natural scrolling?" Watu wanadhani skrol ni mwelekeo tu. Na ni kweli mwelekeo una ugomvi wake, hasa dukani kwangu, kwa sababu mimi na dogo tumekulia dunia mbili. Mimi kompyuta nilijifunzia intaneti kafe enzi zile, mausi yenye gurudumu, gurudumu ukilivuta kuja kwako ukurasa unapanda. Dogo yeye kabla hajagusa kompyuta ameshika simu miaka kumi, kwake karatasi inafuata kidole, kidole kikipanda karatasi inapanda, kidole kikishuka inashuka. Nikitoka kuswali Adhuhuri nikirudi nakuta ameshageuza, nikivuta vidole kuja kwangu ukurasa nao unashuka, nageuza, nikienda kula anageuza tena. Miezi mizima tumeishi hivyo.

Mimi huwa nawaelezea wateja wanaochanganyikiwa hivi: ule mtindo wa zamani ni kama kuteka maji kisima chenye kapi, unavuta kamba kushuka chini, ndoo inapanda juu. Ule mtindo wa simu, ndio huo wanaouita natural, ni kama kusukuma sinia mezani, mkono unakoenda na sinia linaenda. Hakuna kilicho sahihi, ni mkono wako ulizoea kisima au ulizoea sinia. Mtindo wa sinia Apple ndio waliuweka kuwa wa kawaida kwenye Mac tangu mwaka 2011, toleo la Lion, na watu walilia sana wakati ule, leo wengi wameshazoea.

Kwenye GNOME kugeuza mwelekeo ni rahisi mno, unafungua Settings, unashuka mpaka Mouse & Touchpad, unaingia upande wa tachipadi, unakuta picha mbili ndogo zinazoonyesha kabisa karatasi inaendaje, unachagua, basi. Hapo nawapa hongera, zile picha zimetulia, hata mtu asiyejua Kiingereza anaelewa. Wale wa terminali, lile dirisha la kuandika amri, wanaweza kuandika:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad natural-scroll false

na mambo yanageuka hapohapo bila kuwasha upya. Na kingine kizuri, mausi ina setingi yake na tachipadi ina yake. Ukisema "ah si kawaida tu hiyo" nenda kwenye Mac ukaone, kule ukizima natural kwenye tachipadi na mausi nayo inageuka, ukiwasha kwenye mausi na tachipadi inafuata, ni swichi moja imeandikwa sehemu mbili. Watu wa Mac wanaotaka mausi iende hivi na tachipadi iende vile inabidi watafute programu ya pembeni kama Scroll Reverser. Kompyuta ya bei ile! Ila kwa ulaini wenyewe wa skrol Mac bado ndiyo mwalimu wa wote, hilo siwezi kulibishia, nimeshika ya mteja mara kadhaa, vidole vinateleza kama kwenye samli.

Ugomvi wa mwelekeo ulikwisha siku tulipogundua kitu cha kipuuzi kabisa, kwamba setingi hizi zinakaa kwenye akaunti ya mtumiaji na siyo kwenye mashine. Tukatengeneza akaunti mbili, yake na yangu. Akikaa yeye anaingia kwake, sinia. Nikikaa mimi naingia kwangu, kisima. Ndoa ikapona.

Lakini tatizo la dada wa ukurasa wa 47 siyo mwelekeo. Ni spidi. Na hapa ndipo GNOME 46 inaponiudhi, kwa sababu ukiingia kwenye ukurasa wa tachipadi unakuta kila kitu. Unakuta kuzima tachipadi wakati unatype (wameiweka wazi toleo hilo, nashukuru, zamani kiganja kilikuwa kinanirukisha katikati ya sentensi), unakuta kubonyeza kwa kugusa, unakuta kuchagua kliki ya kulia iwe ya vidole viwili au ya kona, unakuta uchague kuskroli kwa vidole viwili au kwa ukingo wa tachipadi. Halafu unakuta kijistari cha kuvuta kimeandikwa Pointer Speed. Moyo unaruka, unakivuta mpaka mwisho kabisa kushoto, unafungua PDF, unaweka vidole viwili, na ukurasa unapaa vilevile kama jana. Kilichopungua ni mshale tu. Sasa una mshale unaotembea kama konokono na skrol inayokimbia kama bodaboda ya Kigogo. Kijistari cha spidi ya skrol ya tachipadi hakipo. Hakijafichwa, hakipo.

Nikaanza kusoma usiku, bando lenyewe la usiku, kwa nini hakipo. Kumbe hadithi ni ndefu. Chini ya GNOME na chini ya KDE kuna kitu kinaitwa libinput, ndicho kinachosoma vidole vyako, kimeandikwa zaidi na jamaa anaitwa Peter Hutterer wa kampuni ya Red Hat, toleo la 1.0 lilitoka 2015. Libinput yenyewe inachofanya ni kupima tu, inasema "vidole vimesogea kiasi hiki", basi, inakabidhi juu. Halafu kila programu inaamua yenyewe kiasi hicho kitakuwa mistari mingapi au sehemu gani ya ukurasa. Ndiyo maana unakuta kwenye kisoma PDF inapaa, kwenye brauza ina spidi nyingine, kwenye programu ya tatu inatambaa, na wewe vidole ni vilevile. Ni kama unga mmoja umegawiwa kwa mama ntilie watano, kila mmoja anakuletea ugali wa ugumu wake.

Na ule mteremko, yaani ukiinua vidole ukurasa unaendelea kuteleza kidogo kabla haujasimama, libinput nao haifanyi, inawaachia programu. Mwanzo nilidhani ni uvivu mpaka nikaelewa. Driva ya zamani ya Synaptics, yaani programu iliyokuwa inaendesha tachipadi, ilikuwa inafanya huo mteremko yenyewe, na driva haijui nini kipo kwenye skrini. Kwa hiyo ulikuwa unaskroli, unainua vidole, driva bado inatuma skrol za mteremko kimyakimya, wewe unabonyeza Ctrl ili ukopi kitu, na kompyuta inaona Ctrl pamoja na skrol, ambayo maana yake ni zumu. Unataka kukopi, herufi zinavimba ukubwa wa kichwa. Wa zamani mnakumbuka hiyo! Mimi miaka hiyo nilidhani kibodi imeharibika. Kwa hiyo kwenye hilo la mteremko nimewaelewa, wana hoja. Kwenye kijistari cha spidi bado sijawaelewa, maana mwenye kukuonyesha ukurasa wa setingi ni GNOME, na GNOME angeweza kuzidisha au kugawanya tu kile alicholetewa kabla hajawapa programu.

Sasa ukiwa na Ubuntu 24.04 na hutaki kuhama kuna njia ya panya, nimeitumia wiki kadhaa, nawapa. Wakati wa kuingia, pale kwenye pasiwedi, chini kulia kuna alama ya gia, unachagua "Ubuntu on Xorg", Xorg ndio mtambo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Ukishaingia unafungua terminali unaandika xinput list, unatafuta jina la tachipadi yako, halafu:

xinput set-prop "jina la tachipadi" "libinput Scrolling Pixel Distance" 35

Ile namba ndiyo kila kitu. Ya kawaida ni 15, unaweza kwenda kuanzia 10 mpaka 50, na inasomeka kinyume, namba ikiwa kubwa skrol inakuwa taratibu, kwa sababu unachosema ni kwamba kidole kitembee umbali gani ndipo ihesabiwe skrol moja. Mimi 35 ilinifaa. Ile siku ya kwanza nilipoiweka nilifungua PDF ya mtu nikaanza tu kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, dogo akaniuliza bosi unatafuta nini, nikamwambia sitafuti kitu, nasikilizia.

Ila raha yenyewe ya msimu. Ukizima kompyuta inasahau, asubuhi tuko 15 tena. Nikaiweka kwenye zile programu zinazojiwasha zenyewe, ikakubali. Kosa langu nilitumia namba ya kifaa badala ya jina, kwangu ilikuwa 12, nikaandika 12, siku mbili tatu fresh kabisa, halafu asubuhi moja nikawasha mashine mausi ya USB ikiwa imechomekwa, namba zikajipanga upya, tachipadi ikawa 13, skrol imerudi kupaa na mimi nina mteja mbele. Kwa hiyo andika jina, msiandike namba, nimewalipia ada tayari.

Na kikubwa zaidi, njia hii inafungwa. Ubuntu 25.10, ile ya Oktoba 2025, imeondoa kabisa hiyo sesheni ya Xorg ya GNOME, imebaki Wayland, mtambo mpya, peke yake, na kule xinput haikusaidii. Yaani njia yangu ya panya wamepitisha lami juu yake. Kuna watu wanatengeneza viraka vya kujiingiza katikati ya libinput na programu ili kupunguza skrol, nilikiangalia kimoja, kinataka kijipachike kwenye kila programu inayowaka kwenye mashine, nikasema hapana, mashine hii ina CV na vyeti vya kuzaliwa vya watu.

Basi ndiyo nikaenda KDE.

Nilidownload Fedora ya KDE, Fedora ni aina nyingine ya Linux, faili linazidi GB 2 kwa hiyo subiri bando la usiku au nenda sehemu yenye waya, nikaiandika kwenye flashi, nikawasha laptopu kutokea kwenye flashi bila kuinstoli chochote. Hili nawaomba sana mlifanye, usiinstoli kitu kabla hujakijaribu, flashi inakuonyesha kila kitu na ukizima mashine yako iko vilevile. Nikafungua System Settings, nikaenda Mouse & Touchpad, nikaingia Touchpad, nikashuka na macho taratibu, na pale chini kabisa ya sehemu ya skrol, kimekaa zake kimya: Scrolling speed. Kijistari. Cha kuvuta. Nusu nipige kigelegele.

Nikakivuta kama theluthi kutoka kushoto, nikabonyeza Apply, nikafungua PDF yenye kurasa nyingi, nikaweka vidole viwili nikasogeza nusu ya kucha. Ukurasa ukapanda mistari mitatu. Mistari mitatu wakuu! Nikasogeza tena, mitatu. Nikatafuta ukurasa wa 47 makusudi kwa vidole tu bila kuandika namba, nikasimama 47, jedwali linaangalia pua yangu. Dogo akasema bosi kwani umelia, nikamwambia ni vumbi.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba KDE wanagawa unga kabla haujafika kwa mama ntilie. Ukipunguza pale inapungua kwenye brauza, kwenye kisoma PDF, kwenye ofisi, kote kwa uwiano uleule. Haimaanishi programu zote sasa ziko sawa, hapana, ile iliyokuwa inakimbia kuliko mwenzake bado inakimbia kuliko mwenzake, ila zote zimeshuka ngazi, na hiyo inatosha kwa kazi. Na setingi zinakaa kwa kila kifaa, juu kabisa unachagua unaongelea tachipadi ipi, kwa hiyo kama kompyuta yako ni ya mezani na umechomeka tachipadi ya pembeni nayo ina ukurasa wake. Kugeuza mwelekeo kupo, kinaitwa "Invert scroll direction", dogo akaweka tiki kwenye akaunti yake tukaendelea na maisha. Angalizo moja tu, hicho kijistari cha spidi utakiona ukiwa umeingia kwa Wayland, na Fedora ndivyo inavyoingia yenyewe. Kama una KDE ya zamani iliyoingia kwa X11, ndiyo ile Xorg, na hukioni, siyo macho yako.

Na watu wa zile sura za kiufundi zaidi kama Sway na Hyprland nao wanacho, kwao ni mstari mmoja kwenye faili, scroll_factor, unaandika 0.5 inakuwa nusu. Yaani hata wale wanaoandika setingi zao kwa mkono kama barua ya posa wamepata, GNOME 46 mwenye kurasa nzuri hana.

Sifa zisizidi, KDE nayo ina vyake. Hicho kijistari hakina namba, kwa hiyo huwezi kumwambia mtu kwa simu "weka 35", inabidi useme "vuta kidogo, eeh, rudisha, hapo hapo, hapana umepitiliza." Mteremko haulingani, Firefox inateleza vizuri ukiinua vidole, ila programu zao wenyewe nyingi, mfano lile dirisha la mafaili, ukiinua vidole panasimama hapohapo kama gari limekata fyuzi. Mimi kwa kazi ya kutafuta jedwali nimependa kusimama, ila anayetoka Mac ataona kama kuna kitu kimekufa. Halafu System Settings ya KDE ni Kariakoo yenyewe, kila kitu kipo na kila kitu kimepangwa barabarani, dogo aliingia kutafuta tachipadi akatoka baada ya nusu saa amebadilisha rangi za madirisha, aikoni, mshale umekuwa mkubwa, na tachipadi hajaigusa.

Windows fupi tu, kwa sababu wengi mnayo. Windows 11 ingia Settings, Bluetooth & devices, Touchpad, halafu Scroll & zoom, mwelekeo upo pale, umeandikwa "Down motion scrolls up" au "Down motion scrolls down", maneno ambayo nimeyasoma mara mia na kila mara inabidi nijaribu kwa vidole ndipo nijue nimechagua nini. Kile cha kuchagua mistari mingapi kwa mara moja, ambacho kimewekwa 3 tangu kiwandani, kipo upande wa mausi na ni cha gurudumu. Kama ukurasa wako wa tachipadi ni mtupu hauna hata hayo, basi huenda tachipadi yako siyo ile aina wanayoiita precision, iliyoanza na Windows 8.1, na setingi zako ziko kwenye programu ya driva ya mtengenezaji.

Ngoja niongeze mambo mawili ambayo hayako kwenye setingi yoyote, kwa sababu nilikaribia kulaumu mifumo bure.

La kwanza chaja. Kuna kipindi skrol ilikuwa inaruka kama ina kwikwi, unashuka inapanda yenyewe, mshale unatetemeka kama una homa. Nilishahukumu Linux moyoni. Siku umeme umekatika, laptopu iko kwenye betri, nikaona tachipadi imetulia kabisa, umeme uliporudi kwikwi ikarudi. Kumbe ile chaja niliyonunua mtaani baada ya ya kwanza kufa haikuwa na waya wa ardhi, na tachipadi hizi zinafanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo sana wa kidole chako, chaja ikivujisha kelele tachipadi inaona vidole ambavyo havipo. Jaribu tu kuchomoa chaja ukiona mambo hayaeleweki. Mimi nilinunua nyingine yenye pini tatu za kweli, siyo ya pini tatu ambazo moja ni plastiki ya mapambo, na kwikwi ikaisha siku hiyohiyo.

La pili mafuta. Dogo anakula mihogo ya kukaanga na pilipili huku anaskroli. Sina zaidi ya kusema. Na jasho la Dar mwezi wa kwanza nalo halina mchezo, kidole kikiwa na maji tachipadi inachanganyikiwa. Tuna kitambaa pale mezani, kikavu, cha kufutia.

Nyota sasa, kwa setingi za skrol tu na siyo mfumo mzima. GNOME ya Ubuntu 24.04 naipa 3 kati ya 5, mbili na nusu ya haki na nusu ya zile picha. KDE Plasma 6 naipa 4 na nusu. Windows 11 tatu. Mac nne, ingekuwa tano bila ile swichi ya mapacha. Hizi za Linux bei ni bure, gharama ni bando na mchana mmoja wa kuhamisha mafaili.

Halafu kuna mwalimu mmoja mstaafu, anakuja kila Jumanne kuandika kumbukumbu zake, anapenda kutype mwenyewe. Vidole viwili kwa pamoja havimkubali, kimoja kinatangulia kingine, kwa hiyo nilimfungulia akaunti yake ya tatu nikamwekea kuskroli kwa ukingo, unapitisha kidole kimoja tu pembeni kulia, zamani sana ndivyo tachipadi zilivyokuwa. Spidi nikaivuta karibu na mwisho wa kushoto. Nikamwambia shikamoo mwalimu, leo jaribu hapa pembeni. Akajaribu, mstari mmoja, akasimama, akasoma, mstari mwingine, akasoma. Akasema, "Marahaba. Kijana, kumbe siku zote hizi ilikuwa inawezekana?"

Nikamwambia ilikuwa inawezekana mwalimu, ila sio kwenye ile ya kwanza.